Msimu Tuliopanda Ukuta

Ninyi mlionipokea ufunguo wa depo ya vifaa mmeniomba niandike namna tulivyofanya kazi zamani. Nitaandika. Habari za vyeo sina, kwa sababu mtunza vifaa wa timu huanza akiwa mtunza vifaa na humaliza akiwa mtunza vifaa. Kinachopanda ni maumivu ya mgongo tu. Mshahara nao tuuache, mnaupokea wenyewe na mnaujua. Nitawaeleza habari za mipira na viatu, za mtu aliyenifundisha, na za msimu mmoja wa ligi ya mji ambao wazee wakiutaja hadi leo hushusha sauti na kuangalia nani ameketi nyuma yao.

Neno la kwanza la kazi ni hili. Mtu akikuletea mpira na kukuambia hauvuji, mshukuru, kisha uuzamishe katika pipa la maji. Ukitoa mapovu, mshukuru mara ya pili. Sisemi watu ni waongo. Nasema wana haraka, na haraka na uongo hukaa nyumba moja.

Nilizaliwa Pweto, kwenye ziwa, na shule ya mapadri niliiacha darasa la tatu. Sikufukuzwa. Lori la samaki wakavu lilisimama mbele ya misheni, dereva akafunua injini, nami nikataka kujua ndani mna nini. Nilipomaliza kutazama, Pweto ilikuwa mbali nyuma yetu. Baada ya hapo nilichoma matofali, nikakanda unga kwa Mgiriki mmoja mwenye duka la mikate, nikabeba mizigo stesheni, nikavuka mpaka kule Kasumbalesa kutazama upande wa pili ukoje, nikarudi. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoelewa kazi yenyewe inavyokwenda, kisha hamu ikanitoka. Watu hawampendi mtu wa namna hiyo. Huuliza: huyu ametumwa na nani?

Elisabethville nilipata kazi katika kiwanja cha Wazungu waliotoka kusini, Waingereza na Makaburu, ambao walicheza mpira wa kubeba mikononi. Siku ya kwanza nilipewa mfuko wa mipira na pompa, nikaambiwa niijaze upepo. Nikatoa mpira wa kwanza, nikauona umeharibika, umekuwa mrefu kama yai. Nikatoa wa pili, vilevile. Nikajua kuna mtu ameiharibu usiku ili mimi nifukuzwe siku yangu ya kwanza. Basi nikailowesha maji, nikaikanda kama unga, mmoja nikaukalia kwenye ncha yake asubuhi nzima. Msimamizi alinikuta juu yake. Aliwaita wenzake waje waone, nao wakacheka mpaka mmoja akashika mlingoti wa goli asianguke. Hakuna aliyenieleza. Jioni walipoanza kucheza ndipo nikaelewa kwamba yai ndilo umbo lake.

Wazungu hao ndio walionituma kwa Muzee Ramazani na mpira uliopasuka. Alikuwa fundi wa ngozi, Mwislamu, baba yake alikuja kutoka Maniema pamoja na wachuuzi. Karakana yake ilikuwa kibanda chenye paa la mapipa yaliyopigwa yakawa bapa. Alitengeneza ndara, mikanda, ngoma, na mipira ya timu zote za cité, mitaa ya Waafrika. Nilimnyooshea mpira wangu. Hakuupokea. Aliunusa kwa mbali.

"Banapakaa mafuta gani?"

"Sijui, Muzee."

"Haujui? Basi weka pale chini, mbali na mimi. Ukijua utarudi."

Nikarudi kiwanjani, nikauliza. Yalikuwa mafuta ya nguruwe. Muzee Ramazani aliposikia alitikisa kichwa bila mshangao, akaniambia niuoshe kwa sabuni na majivu mpaka harufu iishe, ndipo aushone. Nilikaa kumtazama akishona, na jioni sikuwa na hamu ya kuondoka. Ile ilikuwa mara ya kwanza jambo kama hilo kunitokea.

Kwake nilijifunza kuyeyusha mafuta ya ng'ombe pamoja na nta ya nyuki na kupaka kwenye mshono kabla ya baridi ya mwezi wa sita, maana baridi kavu ya kwetu hupasua ngozi, na udongo wa kichuguu unaotandazwa viwanjani hula uzi kama mchwa wenyewe. Nilijifunza kushona kwa ndani, mpira ukiwa umegeuzwa, na kufunga fundo la mwisho mahali kidole hakifiki. Siku moja nilimwuliza anajuaje kwamba uzi utashika.

"Sijui," akasema. "Njo maana ninauvuta."

Muzee alipopofuka jicho moja, alinipeleka mwenyewe kwa timu ya Nyuki, ambayo ilikuwa ya wafanyakazi wa kampuni moja ya mbao. Walinipa depo, makabati mawili, na jina la Pompa. Hilo ndilo jina nililozeeka nalo.

Ligi ya mji ilikuwa ya timu za makambi na za mitaa. Ilianza mvua zikikatika, ikamalizika joto la mwezi wa kumi likipanda. Kila timu ilikutana na kila timu mara mbili, na iliyokuwa juu mwishoni ilipewa ngao ya shaba. Michezo yote ilichezwa katika kiwanja kimoja chenye ukuta wa matofali kuzidi kimo cha mtu, na lango moja la chuma. Na lango hilo, vijana wangu, hakuna mchezaji aliyelipita.

Iliaminika kwamba anayetaka kukuharibia atazika dawa yake pale langoni, ambapo lazima utapita juu yake. Kwa hiyo kila timu ilizunguka nyuma, upande wa mikaratusi, na kupanda ukuta. Nyuki walikuwa na sehemu yao na Radi, wapinzani wetu wakubwa, walikuwa na yao. Prezida wa timu yetu, Bwana Donatien, alikuwa karani, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili. Alifika ukutani na suruali yake nyeupe iliyopigwa pasi, akafanya ishara ya msalaba, akasema, "Sisi bakristu hatuamini bile bintu. Mupande mbio." Kisha akapanda wa kwanza. Mimi nilibaki nje mpaka mwisho, nikirusha mifuko ya viatu upande wa pili, halafu nami nikapanda.

Golikipa wetu aliitwa Kabange. Kwetu Katanga jina hilo linaeleza kila kitu: ni pacha wa pili. Wa kwanza ni Kyungu, na Kyungu wake alikuwepo, mzima, akifanya kazi ya kufunga vidonda katika dispansari ya kambi ya Radi. Timu ikishinda, jambo hilo lilikuwa la kuchekesha. Watu walisema siku Kabange akichoka, Kyungu atavaa jezi yake na hakuna atakayejua.

Mjue pia kwamba wachezaji wa kikosi cha kwanza cha Nyuki walipewa nyumba za matofali katika kambi ya mjini. Anayetolewa kikosini alirudishwa kwenye kambi ya msituni, kukata miti, mahali pasipo dispansari wala shule. Kabange alikuwa ametokea huko. Yeye na mke wake walimzika mtoto wao wa kwanza huko huko msituni, na msimu huo mama alikuwa na mimba tena. Golikipa wa akiba alikuwa mtoto wa dada yake Donatien. Mambo hayo mawili yawekeni pamoja.

Tulicheza vizuri hadi siku tuliyokutana na Radi mara ya kwanza. Tulipanda ukuta kama kawaida. Radi walitufunga matatu, na yote matatu yalipita upande wa kushoto wa Kabange, moja baada ya jingine, kama watu wanaoingia kanisani. Kabange aliyatazama yakipita. Hakuruka.

Kesho yake Donatien alikuja depo.

"Pompa, funga mulango."

Nikafunga.

"Kabange ametuuza."

"Nani amesema, Prezida?"

"Magoli matatu njo yamesema. Muntu anadaka myaka yote, leo kushoto imekuwa giza?"

"Labda jua."

"Jua ilikuwa mu mugongo yake. Sikia. Weye unapenda kujua mambo. Umufuate nyuma ya kazi, uone anaenda wapi."

"Mi niko mulinzi ya mipira, Prezida."

"Basi umulinde sawa mupira."

Alipotoka nilikaa nikafikiri. Kwa nini mimi? Labda kwa sababu mimi ni mtu wa kupita. Nikikosea, atasema ni maneno ya yule mzururaji wa Pweto. Labda anataka Kabange atoke ili mpwa wake aingie. Au labda ni mimi ninayefuatwa, na Kabange ameambiwa anitazame. Nilitaka kujua, kwa hiyo nilikwenda.

Nawafundisha jambo la kazi hapa: ukitaka kutembea mtaani bila kuulizwa, beba kiatu kimoja. Mtu mwenye viatu viwili ni mwizi, mtu mwenye kiatu kimoja anatafuta fundi, na kila mtu anamhurumia. King'ora cha jioni kilipolia, jua likiwa bado juu, Kabange alitoka na kifurushi cha kitambaa kwapani. Akapita kando ya mtaa wa Kampemba, hakusalimu mtu, akaingia moja kwa moja katika kambi ya Radi. Nikasema moyoni: basi, Donatien amesema kweli. Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu niliingia nyuma yake mpaka ua wa nyumba ya Kyungu, nikachungulia kwenye pengo la lupango, ule ua wa matete.

Kabange alikuwa ameketi juu ya sanduku, mguu wa kushoto ndani ya beseni la maji ya moto. Kyungu, na koti lake fupi jeupe, alikuwa anakunjua bendeji iliyotoka katika kile kifurushi. Sura mbili zile zile. Mmoja aliinua macho.

"Kabange, kuna muntu wenu hapa. Iko na kiatu moja."

"Mi namujua," akasema mwingine bila kugeuka. "Anatembea sawa ng'ombe. Ingia, Pompa, usituharibie lupango."

Niliingia. Kabange alitoa mguu majini. Kifundo kilikuwa kimevimba mpaka mfupa hauonekani.

"Ni ukuta," akasema. "Siku ile niliangukia tofali ya kuvunjika. Kifundo ikageuka."

"Juu ya nini haukusema?"

"Niseme kwa nani? Kwa Donatien? Leo ninasema, kesho mutoto ya dada yake iko mu goli, kesho kutwa mi niko mu pori na shoka. Na dispansari yetu, ukiingia tu, bureau ya kampuni imejua. Hapa Kyungu ananifunga na hakuna muntu anajua."

"Sasa banasema umebauza."

"Banasema. Lakini kwa maneno tu habawezi kunifukuza. Babaki batafute ushahidi. Kwa muguu, banaweza leo leo."

Nilimwomba nikiguse kifundo. Nilibonyeza kwa kidole gumba, akapiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Niliamini robo tatu. Robo moja ilibaki, kwa maana nilifikiri: uvimbe unaweza kuwa wa kweli, na kuuza mchezo nako kuwe kweli. Mguu mbaya hauzuii mkono kupokea. Nadhani ilionekana usoni mwangu.

"Unamuona?" Kyungu akamwambia ndugu yake. "Huyu hata ukimuonyesha mufupa, atauliza ni ya nani."

Donatien nilimwambia nilichoona bila kukiongeza: Kabange anakwenda kwa ndugu yake na wanakaa uani. Akauliza wanasema nini. Nikamwambia wanabishana, na hilo halikuwa uongo, maana mapacha wale walibishana juu ya kila kitu hata joto la maji. Nilidhani nimefunga fundo mahali kidole hakifiki. Kabla ya Jumapili, kambi nzima ilikuwa imepata habari kwamba Pompa amemfumania Kabange akila na Radi. Wengine walisema aliyefungwa magoli matatu hakuwa Kabange kabisa, alikuwa Kyungu. Wakaanza kumwita kwa majina yote mawili ili waone ataitikia lipi.

Mimi nilifanya kazi yangu. Kiatu chake cha kushoto nilikifungua kifundoni, nikaweka ukanda wa ngozi ngumu ndani, nikaushona kwa ndani kama Muzee Ramazani alivyonionyesha. Kwa nje hukuona kitu. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Siku ya mazoezi kapiteni alikiinua kile kiatu, akakipima mkononi, akainua na cha kulia.

"Pompa. Hii ya kushoto iko nzito."

"Nimeitia nguvu."

"Nguvu gani?"

Wakakusanyika wote. Ilinibidi niufumue mshono wangu mwenyewe mbele yao, uzi kwa uzi. Nikatoa ule ukanda. Hawakuugusa. Kapiteni aliinama akaunusa.

"Ni ngozi ya nyama gani?"

"Ya ng'ombe."

"Ng'ombe ya nani?"

Kabange alitazama mbali. Angeweza kusema neno moja tu, mguu, na ukanda ule ungeeleweka; lakini neno hilo lilikuwa nyumba yake. Jioni niliushona tena, na safari hii nilitia ukanda katika viatu vya watu wanne wengine ili vyote viwe na uzito. Walikuja kunishukuru kwa kuwaimarishia viatu, na mmoja aliniuliza kwa siri kama ni dawa ile ile ya Kabange.

Kabange aliendelea kudaka. Michezo mingine ilikuwa ya timu ndogo, na uvimbe ulikuwa unapungua polepole. Kila Jumapili alipanda ukuta kwa mikono na kushuka akiwa ananing'inia, akitanguliza mguu wa kulia, na kila Jumapili mguu ulirudi nyuma siku tatu. Niliona kwa sababu nilijua pa kutazama. Wengine waliona mtu anayeshuka ukuta taratibu, wakasema anaangalia nani anamngoja upande wa pili.

Ndivyo tulivyofika mchezo wa mwisho, na Radi. Tukishinda, ngao ni yetu. Tukitoka sare au tukishindwa, ni yao. Donatien hakumtoa Kabange. Aliniambia sababu yake bila kuficha: "Leo akituuza, mji muzima utaona kwa macho. Njo itakuwa mwisho yake." Kabange naye alijua. Asubuhi ile Kyungu alikuwa amemwambia kifundo kimepona kwa kukimbia na kuruka, ila kikigeuka tena kwenye ukuta, hatadaka tena.

Tulifika upande wa mikaratusi. Donatien akafanya msalaba, akasema maneno yake, akapanda. Wachezaji wakafuata. Kabange akabaki amesimama chini.

"Panda," Donatien akamwambia kutoka juu, amekaa ukutani kama mtu juu ya farasi.

"Sipandi, Prezida."

"Namna gani haupandi?"

"Ninapita mu mulango."

Wote juu ya ukuta wakageuka kumtazama. Kisha mmoja akapiga kelele, "Anajua! Anajua mahali ilizikwa!"

"Ao yeye njo aliizika!" mwingine akasema.

"Muguu yangu ya kushoto haitaki ukuta," Kabange akasema. "Tangu mara ya kwanza na Radi. Njo maana magoli yalipita."

Wakacheka. Mimi niliyekuwa nimesimama karibu naye nilimwona akisema kile alichokuwa amekificha msimu mzima, na wao wakacheka.

"Leo umekumbuka muguu!" Donatien akasema. "Kabange, ukipita mulango ile na tukashindwa, usirudi tena mu kambi. Utoke hapa hapa, uende mu pori."

"Nimesikia."

Akaanza kutembea kuelekea langoni. Mimi nilikuwa na mfuko wa mipira kichwani na viatu vyake mkononi. Nilitazama ukuta, nikatazama lango, nikamfuata yeye. Sikwenda kwa ujasiri. Miaka yote ile nilikuwa nimepanda ukuta huo bila kujua pale langoni mna nini.

Mlikuwa na maganda ya karanga. Mlangoni penyewe ameketi mzee mmoja juu ya kiti cha kamba, mkata tiketi, na mfuko wa karanga mapajani. Nilitazama chini kila mahali, udongo ulikuwa mgumu, haujachimbwa, ila mtu mwerevu angeweza kuusawazisha. Mzee alituona na jezi, akasimama.

"Ah! Bachezaji! Tangu ligi inaanza, hakuna hata mumoja alipita hapa. Nilizani munaogopa mimi."

"Banakuogopa kweli, tata," Kabange akasema.

Mzee akacheka sana. Nilijiuliza kwa nini anacheka sana hivyo. Kabange aliinua mguu wa kushoto, akavuka kizingiti, akaingia.

Watu waliokuwa upande ule wa kiwanja walikuwa wamekuja mapema na walituona. Walisogea. Walisogea pande zote mbili, na njia ikawa pana kuliko tulivyohitaji. Wachezaji wa Radi waliokuwa wanapasha miili moto waliacha mipira yao, wakatutazama tukitembea hadi golini.

Mchezo wenyewe siwezi kuueleza kama wale wanaoeleza michezo. Nitawaambia alichofanya Kabange. Alisimama karibu na mlingoti wa kushoto na kuuacha upande wa kulia wazi kama uwanja wa soko. Radi walikuwa wamekariri kushoto. Kila walipopata nafasi walipiga kushoto, na mikono yake ilikuwa pale pale. Nilimwona mshambuliaji wao mmoja, goli la kulia tupu mbele yake, akigeuza mguu kwa nguvu apige kushoto. Nadhani aliona ule uwazi akadhani ni mtego. Sisi tulipata moja kwa kichwa kutokana na kona. Ikatosha.

Kipenga kilipolia, wenzangu walimbeba kapiteni. Wakambeba aliyefunga. Wakambeba hata golikipa wa akiba, ambaye hakugusa mpira. Kabange walimzunguka, wakimtazama, na nafasi ikabaki katikati yao na yeye. Hakuna aliyempa mkono. Nilikwenda kumvua viatu mwenyewe.

Jumatatu walimwita depo, Donatien na wazee wa timu. Mimi nilikuwepo, nikipaka mipira mafuta.

"Ndugu Kabange," Donatien akaanza, na sauti yake ilikuwa ndogo. Zamani hakumwita ndugu. "Sisi hatuna mambo na weye. Utuambie tu. Ni dawa gani, na nani alikupa?"

"Hakuna dawa, Prezida. Kifundo ilinigeuka ku ukuta. Sikuweza kupanda. Nikapita mu mulango. Pompa aliona muguu."

Wote wakanigeukia. Nikasema ni kweli, niliuona, niliubonyeza.

"Pompa alipita naye," mzee mmoja akasema polepole. "Bote babili."

Hapo nikaelewa kwamba ushahidi wangu haufai tena kitu.

"Usituzarau, ndugu," Donatien akasema. "Muntu ya muguu mubaya anadaka vile? Basi. Kama haupendi kusema, usiseme. Nyumba ni yako, goli ni yako. Usitukasirikie tu."

Kwa hiyo Kabange hakurudi msituni. Mtoto alizaliwa mjini, wa kike, mzima, na wenye kambi waliwahamishia katika nyumba nzuri zaidi, ile ya kwanza karibu na robinet, bomba la maji la kambi nzima. Hakuwa ameiomba. Mpwa wa Donatien aliomba mwenyewe ahamie timu nyingine. Siku moja golikipa wa Radi alikuja mpaka mlangoni na kuku chini ya kwapa, akaomba kwa heshima afundishwe. Kabange akamwambia, "Pita mu mulango, ni ile tu." Yule mtu akasikitika kwamba amenyimwa, akamwacha kuku, akaondoka akitembea kinyumenyume.

Mimi nilikuwa nimeketi pale pamoja nao siku hiyo. Mama alikuwa na mtoto mgongoni.

"Mara ngapi umebaambia kweli?" akamwuliza mume wake.

"Mara nyingi."

"Basi badanganye. Sema ulikuwa na dawa, sema umeitupa mu muto. Bataamini. Mi nitapata muntu ya kuongea naye. Tangu nizae, hakuna mama hata mumoja amemubeba huyu mutoto. Chumvi sasa habaniombi."

Kabange alikuwa anamtazama yule kuku aliyefungwa miguu.

"Nikisema nimeitupa," akajibu, "Donatien hataogopa tena. Atamuita mutoto ya dada yake arudi. Na sisi tutarudi kule."

Mama alijua kule ni wapi na nani amezikwa huko. Akaifunga vizuri nguo ya mtoto, akachukua ndoo, akatoka. Kutoka pale nilipoketi niliiona robinet yote. Mstari ulikuwa mrefu, ndoo zimepangwa tangu asubuhi, wanawake wanapiga kelele kama kawaida yao. Alipokaribia, wakanyamaza. Halafu wakasogeza ndoo zao, mmoja mmoja, wakampisha mpaka mbele. Akajaza ndoo yake, akajitwisha, akarudi nyumbani.